Namna ya kuandaa barabara na madaraja kwa mzigo mkubwa wa kiwandani: mwongozo kamili, kutoka bandarini hadi kwenye mtambo

Mitambo ya upepo ya mradi wa Ziwa Turkana, kule Marsabit, ni 365. Kila mmoja una uwezo wa kilowati 850 tu, na yote kwa pamoja hufikisha megawati 310. Anayeangalia hesabu za umeme peke yake atashangaa: kwa nini mradi mkubwa kiasi hicho ukanunua mitambo midogo, na sokoni ilikuwapo ya megawati mbili na zaidi? Sehemu kubwa ya jibu iko barabarani. Kutoka bandari ya Mombasa hadi eneo la mradi ni takriban kilomita 1,200, na kipande cha mwisho, kilomita 208 kutoka Laisamis, kilihitaji kutengenezwa upya kabla ya lori la kwanza kupita. Mtambo uliochaguliwa, Vestas V52, una panga la mita 25 hivi, na panga la urefu huo hupita kwenye kona ambazo panga la mita 50 lingekwama.

Mradi wa Kipeto, Kajiado, haukuwa mbali hivyo na barabara kuu, na wao walileta mitambo ya GE ambayo mapanga yake huzunguka kwa kipenyo cha mita 103. Mitambo 60 ikatosha kufikisha megawati 100.

Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike tangu mwanzo: njia ndiyo inayochagua mashine. Mhandisi wa usafirishaji akiitwa baada ya transfoma kuagizwa, kazi yake inabaki kuhangaika na kile ambacho wengine wameshaamua. Hatua zilizo hapa chini zinafaa kwa transfoma, jenereta, mapanga ya upepo, matangi, boila na mabomba marefu, na nimezipanga kwa namna zinavyotakiwa kufanyika.

Hatua ya 1: Ujue mzigo kabla ya kuiangalia barabara

Omba kiwandani mchoro wa usafirishaji, si mchoro wa mtambo ukiwa umefungwa tayari. Tofauti ni kubwa. Transfoma husafirishwa bila mafuta, ndani ikiwa imejazwa hewa kavu au naitrojeni ili unyevu usiingie. Radieta, tangi la juu la mafuta na vikombe vya kauri vya kuunganishia nyaya huvuliwa na kupakiwa kwenye malori ya kawaida. Kinachobaki ni kiini na ganda lake, na hapo ndipo unapata uzito wa kweli wa safari.

Kwenye mchoro huo tafuta mambo manne: uzito, vipimo vya nje, mahali kilipo kitovu cha uzito, na kiasi ambacho mzigo unaruhusiwa kuinama upande na kwa urefu. La nne husahaulika sana, nalo ndilo linaloamua kama mchepuko wenye mteremko wa upande utafaa au hautafaa. Uliza pia kama kiwanda kinataka kifaa cha kurekodi mitikisiko kifungwe kwenye mzigo. Wengi wanataka, na dhamana inaweza kukataliwa kifaa kikionyesha kishindo kilichozidi kiwango.

Kisha jiulize swali ambalo mamlaka watakuuliza baadaye: mzigo huu unaweza kugawanywa? Kibali maalumu ni kwa mzigo usiogawanyika. Mashine mbili za tani 30 juu ya tela moja hazihesabiki kuwa mzigo wa tani 60 usiogawanyika, hata kama kukodi tela moja ni rahisi zaidi mfukoni.

Hatua ya 2: Pita njia kwa macho yako, tena kwa polepole

Ramani za simu zitakuonyesha kona na umbali. Hazitakuonyesha tuta lililojengwa na wanakijiji wiki iliyopita baada ya mtoto kugongwa. Tuta ni adui mkubwa wa tela la chini, kwa sababu tumbo lake liko sentimita chache tu juu ya lami na likipanda tuta kali linakalia katikati, magurudumu yakaning'inia.

Mpango wa ukaguzi ni huu. Watu watatu ndani ya gari: dereva, mhandisi, na mtu aliyewahi kuendesha tela refu. Huyo wa tatu usimwache. Ataona mambo ambayo mhandisi hayaoni: mahali pa kugeuzia, mahali pa kulala, kilima ambacho lami yake huteleza asubuhi. Funga fito ya kupimia urefu mbele ya gari, yenye kimo cha mzigo pamoja na tela na ziada ya angalau nusu mita, ili kila waya utakaoguswa ujitangaze wenyewe. Beba kamba ya kupimia, kamera inayorekodi mahali picha ilipopigwa, na daftari. Andika kila kilomita: madaraja, makalavati, matuta, nyaya, mabango, miti, vivuko vya reli, mizani, vituo vya mafuta, masoko ya kando ya barabara na siku zake za gulio.

Pima upana wa daraja kati ya ukingo na ukingo, si upana wa lami. Mzigo wenye upana wa mita 5 unaweza kupita juu ya kingo fupi za daraja ikiwa tela la haidroliki litainuliwa, lakini hautapita kati ya kingo za chuma zilizo ndefu.

Fanya ukaguzi huo mara mbili: mwanzoni wa kuchagua njia, na mwingine siku chache kabla ya safari.

Usiipende njia fupi kwa sababu ni fupi. Kwa miaka mingi aliyetoka Dar es Salaam kwenda Tanga au Moshi na mzigo mpana alikuwa na jambo moja la kumkosesha usingizi: daraja la zamani la Wami, lililojengwa mwaka 1959, lenye njia moja, likiwa chini ya mteremko wenye kona pande zote mbili. Daraja jipya lenye urefu wa zaidi ya mita 500 lilianza kutumika mwaka 2022, na ramani nzima ya mizigo mikubwa ya kaskazini ikabadilika. Kwa anayekwenda Iringa na Mbeya, milima ya Kitonga bado ipo palepale, na kona zake zinahitaji hesabu.

Hatua ya 3: Vibali, na maongezi yanayovitangulia

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina sheria moja ya udhibiti wa uzito wa magari, ya mwaka 2013. Kwa mujibu wake, ekseli moja ya matairi manne hubeba hadi tani 10, ekseli mbili zilizoshikana tani 18, tatu tani 24, na lori zima halizidi tani 56 kwa ekseli saba. Chochote kinachozidi hapo kinahitaji kibali maalumu. Kenya kibali cha barabara kuu hutolewa na KeNHA. Tanzania barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, kwa hiyo anza nao. Ukichepuka kuingia barabara za wilaya au za mjini, zungumza na TARURA, na upande wa Kenya KeRRA au KURA, maana mwenye barabara kuu hawezi kukupa ruhusa ya barabara isiyo yake. Kosa hili hutokea kilomita ya mwisho, pale lami inapoisha na geti la kiwanda linaonekana.

Mbali na hao, kuna polisi wa usalama barabarani, shirika la umeme, kampuni za simu zenye nyaya za kupita juu, shirika la reli kila mahali unapovuka njia ya treni, na halmashauri. Mzigo unaovuka mpaka unahitaji vibali vya kila nchi, vyenye tarehe zinazolingana. Kibali cha Kenya kinachoisha siku ambayo kile cha Uganda kinaanza kitakulaza Malaba au Busia.

Ushauri wangu: nenda kuongea na mhandisi wa barabara kabla ya kujaza fomu. Mpelekee mchoro wa tela wenye uzito wa kila ekseli na umbali kati yake. Ombi lenye "tani 180" bila mchoro humlazimisha kudhani mabaya, naye ana haki ya kudhani hivyo.

Hatua ya 4: Madaraja

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu wanauliza swali moja tu: daraja hili linabeba tani ngapi? Swali hilo halina jibu moja. Kalavati fupi na daraja refu huumia kwa sababu tofauti.

Tuchukue mfano wenye tarakimu. Transfoma ya tani 120 imewekwa juu ya tela la haidroliki lenye safu 14 za ekseli, kila safu ina matairi 8, na safu ziko mita 1.5 kutoka moja hadi nyingine. Tukadirie kila safu ina uzito wake wa tani 4. Tela ni tani 56, jumla ni tani 176, na kila safu inashusha tani 12.6 barabarani. Kila tairi linapata tani 1.6 hivi. Linganisha na lori la kawaida lenye ekseli ya tani 10 kwa matairi manne: tani 2.5 kwa tairi. Kwa lami, basi, mzigo huo wa kutisha ni mpole kuliko lori la saruji linalopita kila siku.

Sasa upeleke kwenye kalavati la mita 3. Kwa wakati mmoja zinaingia juu yake safu mbili, au tatu kwa shida: tani 25 hadi 38, zimetandazwa kwa upana wa mita tatu. Lori halali lenye ekseli tatu linaweka tani 24 hapo hapo. Kalavati zima lenye udongo wa kutosha juu yake huenda lisihitaji chochote.

Halafu uje kwenye daraja lenye mita 30 kati ya nguzo na nguzo. Tela zima la mita 21 linakaa juu ya kipande kimoja. Nguvu ya kupinda katikati ya kipande hicho hukadiriwa hivi: chukua uzito wote, gawa kwa nne, kisha zidisha kwa urefu wa kipande ukiutoa nusu ya urefu wa mzigo. Kwa mfano wetu ni 176 ÷ 4 × (30 − 10.5), yaani karibu tani-mita 858. Lori la tani 56 lenye mita 18 linatoa 294 tu. Mzigo uliokuwa mpole kwa lami umekuwa karibu mara tatu kwa daraja.

Je, tani-mita 858 ni nyingi? Madaraja mengi ya kanda yetu yalibuniwa kwa kanuni za Kiingereza za BS 5400, zenye mzigo maalumu uitwao HB: gari la kufikirika lenye ekseli nne, ambalo ukubwa wake huhesabiwa kwa yuniti, na kila yuniti ni kilonyutoni 10, yaani karibu tani moja, kwa ekseli. HB ya yuniti 45 ni karibu tani 180. Ukiiweka katikati ya daraja letu la mita 30, ekseli zikiwa zimekusanyika kwa namna mbaya kuliko zote, utapata zaidi kidogo ya tani-mita 1,000. HB ya yuniti 30 hutoa karibu 680. Kwa hiyo mzigo wetu unapita kwenye daraja la yuniti 45 na unakataliwa kwenye la yuniti 30, ingawa mtu aliyesimama barabarani hawezi kuyatofautisha madaraja hayo kwa macho. Michoro ya ubunifu ndiyo inayosema. Itafute kwenye kumbukumbu za mamlaka ya barabara. Isipopatikana, daraja lipimwe upya: vipimo vya boriti, nondo zitafutwe kwa kifaa, zege lipimwe nguvu.

Hesabu hiyo ni ya kuchuja tu. Mhandisi wa madaraja ndiye atakayehukumu, kwa kuangalia boriti moja moja, nguvu za kukata karibu na nguzo, na hali ya daraja lenyewe. Hali ni nusu ya jambo. Angalia nyufa zenye kutu inayochuruzika, pedi za kukalia boriti zilizobanwa au kuhama, viungio vya upanuzi vilivyovunjika, na hasa mashimo yaliyochimbwa na maji kwenye miguu ya nguzo. Daraja lenye boriti nzuri na miguu iliyoliwa na mafuriko si daraja la kupitishia transfoma.

Daraja likikataa, una njia kadhaa, na mpangilio wangu ni wa kutoka nafuu hadi ghali.

Ya kwanza ni kulibadilisha tela. Ongeza safu nne: tela linakuwa tani 72, jumla tani 192, urefu mita 27. Uzito umepanda, lakini nguvu ya kupinda inashuka hadi 48 × (30 − 13.5), yaani 792. Wengi hawaliamini hili mpaka walihesabu wenyewe. Gharama yake iko kwenye kona, maana tela limerefuka. Kuna pia matela ya mafungu mawili ambayo mzigo huning'inizwa kati yake kwa mihimili mirefu ya chuma. Fungu la mbele likiwa juu ya kipande kimoja cha daraja, la nyuma linaweza kuwa bado kwenye kipande kingine.

Ya pili ni namna ya kuvuka. Katikati kabisa ya daraja, bila gari jingine lolote juu yake, kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kufunga breki wala kubadili gia. Ukiweza, ondoa vichwa vya kuvuta juu ya daraja: tumia mhimili mrefu wa kuunganisha kichwa na tela ili kichwa cha mbele kiwe kimeshatoka kwenye kipande chenye shida wakati tela linaingia, na kichwa cha kusukuma kifunguliwe kabla. Kila kichwa kizito unachokiondoa ni tani 30 au 40 ulizoliokolea daraja, na haikugharimu chochote ila muda.

Ya tatu ni kulipita daraja pembeni. Kwenye mto wa msimu, kivuko cha chini kilichotandikwa mawe, mabomba ya zege na nyavu zilizojazwa mawe ni jibu zuri kuliko kuimarisha daraja. Kaskazini mwa Kenya, ambako laga, yaani mito hiyo ya msimu, hukaa kavu miezi mingi, ndiyo kazi ya kawaida. Lakini laga hujaa kwa saa chache kwa mvua iliyonyesha milimani, na wewe hukuona wingu. Weka mtu juu ya mkondo mwenye simu inayopata mtandao, na usiache tela likalala ndani ya kivuko hata kwa nusu saa ya chakula. Ratiba ya kazi hizi ifuate misimu: masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba si wakati wa kuchimba kivuko.

Ya nne ni kulitegemeza kwa chini. Minara ya chuma au magogo yaliyopangwa kwa kukingamana huwekwa chini ya boriti ili kipande cha mita 30 kiwe kama viwili vya mita 15. Inafaa pale daraja lisipokuwa juu sana kutoka chini na ardhi ikiwa ngumu. Msingi wa minara hiyo ndio kazi yenyewe, kwa sababu mnara ulio juu ya tope utazama wakati mzigo unafika, na daraja litapokea uzito wote ghafla. Mhandisi ahakikishe pia kwamba boriti inakubali kushikwa mahali ambapo haikubuniwa kushikwa. Nondo za boriti ya zege ziko chini katikati, na ukiweka nguzo mpya hapo, sehemu ya juu inaanza kuvutwa.

Ya tano ni daraja juu ya daraja: mihimili ya chuma inayolazwa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo ili mzigo usiguse daraja la zamani, au daraja la chuma la vipande vya kufunga kwa pini, lile la aina ya Bailey lililozaliwa kwenye Vita Kuu ya Pili na ambalo bado linaokoa barabara zetu kila mafuriko yanapobomoa daraja. Baada ya hapo ndipo uje kwenye kuimarisha kwa kudumu, kwa nyaya za chuma za kukaza au mikanda ya kaboni. Hiyo ifanywe pale tu mizigo ni mingi na itaendelea kuja.

Hatua ya 5: Kona, vilima na ardhi laini

Kwa kona, kuna hesabu ya haraka ya kujua nyuma ya tela itakata ndani kiasi gani. Chukua nusu kipenyo cha kona, toa humo kipeuo cha pili cha (nusu kipenyo kwa mraba, ukitoa mraba wa urefu kati ya kiungo cha kichwa na magurudumu ya nyuma). Kona ya mita 50 na tela la mita 20: 50 − 45.8, yaani mita 4.2 za kukata ndani. Kona ya mita 30: mita 7.6. Hicho ni kiwango cha juu, pale kona ikiwa ndefu. Na tela lenye magurudumu ya nyuma yanayogeuka hupunguza sana. Lakini kinakupa picha ya ardhi ya kutafuta.

Na si ndani tu. Kitu kinachotokeza nyuma ya magurudumu, kama ncha ya panga, hufagia nje ya kona. Fyeka pande zote mbili. Mabomba ya mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, yana mita 18 kila moja. Huo ni urefu wa mpaka, ambao tela refu la kawaida hubeba lakini kila mzunguko wa mjini unauhisi.

Kwenye kiplefti, yaani mzunguko wa barabara, suluhisho mara nyingi ni kupita katikati: ondoa ukingo wa mawe, jaza kifusi, shindilia, tandika sahani za chuma, na baada ya safari urudishe maua ya watu. Mabango na nguzo za taa zilizo kwenye njia zing'olewe na kuwekwa kwenye soketi za chuma ili zirudishwe kwa dakika chache, hasa kama misafara ni mingi.

Matuta usiyabomoe bila kuuliza. Weka kifusi au mbao mbele na nyuma yake ili tela lipande taratibu, au lipandishwe kwa haidroliki ikiwa nafasi inatosha. Tuta likivunjwa, lijengwe siku hiyo hiyo.

Kwa kilima, hesabu nguvu ya kuvuta: uzito wote zidisha kwa jumla ya mteremko na upinzani wa magurudumu, ambao kwenye lami ni kama asilimia 2 na kwenye changarawe laini ni zaidi. Tani 176 za tela na vichwa viwili vya tani 40 ni tani 256. Kwenye mlima wa asilimia 8 unahitaji nguvu ya tani 25.6. Kichwa chenye tani 30 juu ya magurudumu yanayovuta, kwenye lami kavu, kinapata mshiko wa tani 15 hivi, ikiwa injini na gia zinafika huko. Viwili vinatosha kwa shida. Lami ikilowa, havitoshi. Ndiyo maana vichwa hivyo hupakiwa vyuma au zege mgongoni. Kushuka ni hatari kuliko kupanda: kichwa cha nyuma kifungwe kwa ajili ya kuzuia, na breki zipozwe kabla ya mteremko, kabla hazijaanza kutoa moshi.

Udongo mweusi wa mbuga ni shida ya aina yake. Kiangazi ni mgumu na umepasuka, ukinyeshewa unageuka sabuni. Pima uimara wake kwa fimbo ya kushindilia yenye ncha, kila mita 50 au 100, kwenye mabega ya barabara pia, maana tela pana litakanyaga huko. Penye udongo dhaifu, utoe na uweke changarawe, au tandika kitambaa cha kutenganisha kisha mawe. Wakati mwingine jibu ni kumwagilia na kushindilia tena usiku kabla ya msafara.

Hatua ya 6: Vya juu

Nyaya za umeme si za kuinuliwa kwa mti wa mianzi na kijana aliyepanda juu ya mzigo. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo inavyofanyika. Umeme wa msongo mkubwa huruka bila kuguswa. TANESCO au Kenya Power wazime laini, wainue au waishushe wao wenyewe, na mafundi wao wasafiri na msafara. Kwa nyaya za simu kampuni ije pia, kwa sababu waya mmoja wa mkongo ukikatika, wilaya nzima inakosa mtandao. Vivuko vya waenda kwa miguu na madaraja ya reli ya kisasa havipandi; hapo unashusha tela, unatafuta njia nyingine, au unarudi kwa mtengenezaji.

Hatua ya 7: Siku ya safari

Kwa kawaida mwendo ni wa mchana, kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Panga vituo vya kulala kabla, penye ardhi ngumu na ulinzi. Gari la mbele litangulie kwa umbali wa kutosha kusimamisha magari kwenye sehemu nyembamba, na la nyuma lizuie wanaotaka kupita. Redio za mawasiliano ziwe za lugha moja na amri chache. Neno "simama" likisemwa na yeyote, dereva asimame, asiulize.

Utingo watembee kando ya tela kwenye kila daraja na kila kona, wakiangalia matairi, haidroliki na minyororo. Kwenye madaraja yenye wasiwasi, weka mpima mwenye mashine yake pembeni asome boriti inashuka milimita ngapi wakati mzigo uko katikati na kama inarudi baada ya kutoka. Kabla ya kuanza, mhandisi aandike kiwango cha kusimamisha. Kikifikiwa, tela lirudi nyuma taratibu, hata kama wakubwa wamekuja na kamera.

Watu waambiwe mapema: misikiti, makanisa, shule, redio ya eneo, wenyeviti wa vijiji. Mama lishe aliyeondolewa kibanda chake kwa siku moja apewe fidia kabla ya msafara. Baada ya msafara hakuna anayekumbuka.

Hatua ya 8: Baada ya mzigo kupita

Ndani ya siku chache, rudi na mhandisi wa mamlaka kwenye kila daraja mkiwa na picha za kabla. Angalieni nyufa mpya, pedi, viungio na kingo. Bila picha za kabla, kila ufa wa miaka kumi utakuwa wako. Rudisheni mabango, mizunguko, mifereji iliyojazwa kifusi na ukuta wa mtu uliosogezwa. Mifereji kwanza, kwa sababu mvua ya kwanza ndiyo itakayobomoa barabara mahali maji yalipozibiwa.

Kivuko cha pembeni amua mapema na halmashauri: kinaondolewa au kinabaki? Kikiachwa bila utaratibu, mawe yake huzuia mto na mafuriko yanakwenda shambani kwa mtu. Kikikabidhiwa vizuri, kitatumika siku daraja linapofungwa kwa matengenezo. Michoro ya madaraja uliyoyapima upya na hesabu zake iache kwa mamlaka ya barabara, kwa maandishi, pamoja na orodha ya kila soketi ya bango uliyoiacha na kilomita ilipo. Transfoma ya pili ya kituo hicho hicho itakuja, na atakayeileta ataanzia hapo.